Bolti ya Namba 13

Fimbo za pool zilizoletwa kwetu Makina, Kibera, zilikuwa na ugonjwa mmoja: karibu zote zilikuwa zimeshatengenezwa. Fimbo ikivunjika mara ya kwanza, hata seremala wa vitanda anaiunga. Ile iliyopitia kwa mwenye baa, ikapitia kwa shemeji yake, halafu ikalala kwa fundi wa pikipiki pale stejini, ndiyo iliyotufikia ikiwa imeviringishiwa gazeti, na mwenyewe akianza maelezo kwa sauti ya chini: "Mzee, nilikuwa nimejaribu kidogo."

Mzee hakumgombeza mtu. Aliipokea, akaigonga kitako mara moja kwenye saruji, akatega sikio. Fimbo nzima hutoa mlio mmoja mkavu. Iliyolegea ndani hujibu mara mbili, na jibu la pili linakuja limechelewa, lina mtetemo. Kisha aliifungua, au alijaribu kuifungua, na hapo ndipo kazi ilipoanzia.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na cheti changu hakikuwa cha kunifikisha mbali. Mama alinipeleka kwa mzee kwa sababu walitoka upande mmoja wa ushago, na kwa sababu kibanda chake kilikuwa na jiliwa la chuma, kitu ambacho mama alikihesabu kuwa dalili ya mtu wa maana. Tulikuwa upande wa Makina unaoelekea soko la Toi. Kibao kilisema SEREMALA. Stuli na kabati za vyombo zilipangwa mbele ili wapita njia wazione, lakini kilichomlisha mzee kilikuwa nyuma ya mlango, nacho kilikuwa gofu.

Msomaji asishangae. Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, uwanja wake umepakana na Kibera, na vijana wengi wa kwetu wamepata riziki kwa kubeba mifuko ya wachezaji huko. Fimbo ya gofu ikivunjika na tajiri akaitupa, kijana aliiokota, na kijana akaileta kwa mzee. Ukiitazama utadhani kichwa chake kimefungwa kwa skrubu au kupigiliwa msumari. Sivyo. Kimegandishwa kwa epoksi ndani ya shingo, basi. Ukiipasha moto hiyo shingo, gundi inalainika na kichwa kinachomoka kwa mkono. Mzee alikuwa amechomoa vichwa vya gofu miaka mingi kabla mtu wa kwanza hajamletea fimbo ya pool, na nadhani ndiyo sababu hakuwahi kuzitumia nguvu zile pini. Alijua mapema kwamba adui ni gundi, si chuma.

Meza za pool nilizikuta. Baa nyingi za kando ya reli zilikuwa nayo moja: unatia sarafu, mipira inaporomoka kutoka tumboni mwa meza kwa kishindo, na anayeshindwa anampisha anayefuata. Nilipoanza mchezo ulikuwa shilingi 10, baadaye ukawa 20. (Sarafu mpya ya 20, ile iliyotolewa Desemba 2018, ina picha ya ndovu. Sijui kama walioichora walifikiria meza zetu, lakini karne ya 19 mipira ya mchezo huu ilichongwa kwa pembe za ndovu, na ni hamu ya kupata mbadala iliyomfikisha Mmarekani John Wesley Hyatt kwenye seluloidi.) Machifu waliuchukia mchezo. Wazazi nao waliuchukia. Mama mwenyewe alijua ninatengeneza stuli.

Fimbo ya baa ni kipande kimoja na haina mwenyewe. Inaegemezwa ukutani hadi inapinda, inasukumia mlango, inaamulia ugomvi. Waliocheza kwa dau hawakuitaka. Walianza kununua zao, za mitumba kutoka Toi au za Kichina kutoka mjini, zile za vipande viwili. Kwa kijana aliyelala chumba kimoja na ndugu zake wote, nadhani hicho kilikuwa chombo cha kwanza cha bei kilichokuwa chake peke yake. Na kilikuwa na faida nyingine. Askari wakiingia baa, mwenye fimbo ya vipande viwili alizungusha kiungo, akaitia mkobani na kutoka nje taratibu kama mpiga filimbi wa kwaya aliyepita kuuliza njia.

Kiungo hicho ndicho kilichotupa ugali. Fimbo nzima ina urefu wa sentimita 147 hivi. Nusu ya nyuma, kitako, imebeba pini ya chuma au ya shaba iliyojitokeza kwa juu. Nusu ya mbele ina tundu lenye meno. Pini imezama ndani ya mbao na kugandishwa kwa epoksi. Ikikaa katikati kabisa, fimbo inakwenda moja kwa moja. Ikihama kidogo tu, mchezaji analenga kona na mpira unakwenda kwa jirani.

Sasa nieleze uovu wa bolti ya namba 13, maana bila kuuelewa hutaelewa kwa nini tulikuwa na kazi mwaka mzima.

Pini nyingi tulizoziona zilikuwa za inchi: unene wa 5/16, meno 18 kwa kila inchi. Kwa vipimo vyetu hiyo ni milimita 7.94. Bolti ya kawaida hapa Kenya, ile inayofunguliwa kwa spana namba 13, ina unene wa milimita 8. Weka moja kando ya nyingine, macho hayatakuambia kitu. Lakini kutoka jino hadi jino ile ya inchi ina milimita 1.41, na bolti ya namba 13 ina 1.25. Kwa hiyo pini ya fimbo ikikatika na fundi wa pikipiki akatia bolti yake, mzunguko wa kwanza unaingia vizuri, wa pili unaingia kwa kubembelezwa, halafu inakwama. Naye, kwa kuwa maisha yake yote ni ya kukaza, anakaza. Spana nayo haimpi onyo, kwa sababu namba 13 inaishika hata nati ya inchi, kwa ulegevu mdogo tu. Mwisho wa yote fimbo ya vipande viwili inageuka kuwa ya kipande kimoja, na meno ya tundu la shaba yameliwa.

Msaada wa aina ya pili ulitoka kwenye kichupa. Super Glue iliuzwa kila duka na ilitibu kila kitu, soli, kikombe, kioo cha simu. Pini ikianza kucheza, watu walimimina. Ikiendelea kucheza, walishindilia kijiti cha kiberiti na kumimina tena. Wajuaji zaidi walitia jivu, kwa kuwa gundi ile ikikutana na jivu hukauka papo hapo na kuwa ngumu ajabu. Ukweli ni kwamba pini iliyotoka kiwandani ikakaa mpaka ikaharibika yenyewe haikutusumbua. Iliyokataa kutoka ilikuwa ni ile iliyosaidiwa.

Mzee aliichomoa hivi. Kitako kilibanwa kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mbao vilivyochongwa nusu duara na kuwambwa ngozi kwa ndani, kiungo kikitazama juu. Pete ya kiungo ilizungushiwa kitambaa kibichi ili vanishi isiungue. Chuma cha kulehemu cha stima tulikuwa nacho, ila stima ya Kibera ina tabia zake, kwa hiyo tulitumia kile cha mafundi wa mabati wa Kamukunji: donge la shaba nyekundu kwenye ufito wa chuma, unalizika ndani ya makaa ya jiko. Likiiva unaligusisha kwenye ncha ya pini, kwenye chuma tu, si kwenye mbao, na pini yenyewe inapeleka joto chini hadi ilipo gundi. Kisha unangoja.

Kungoja ndiko kulikowashinda wengi. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Mkono unawasha, unataka kushika koleo. Mzee wakati huo alizungumzia Gor Mahia, au bei ya mbao, au jamaa wa ushago aliyeuza shamba akanunua redio, na nilichukua muda kugundua kwamba alifanya hivyo makusudi ili nisiiguse pini kabla ya wakati. Alikuwa akingojea harufu. Epoksi ikilainika hutoa harufu ya samaki aliyechacha iliyochanganyika na nywele zilizoungua. Ukiisikia unajua chini kumeachia. Super Glue haina heshima hiyo. Yenyewe hutoa mvuke unaochoma macho, ukajikuta unalia mbele ya mteja ambaye tayari ana wasiwasi na fimbo yake.

Baada ya harufu zilikuja nati mbili. Unapitisha ya kwanza kwenye pini, unapitisha ya pili, unazikaza moja dhidi ya mwenzake hadi zishikane, kisha unatia spana kwenye ile ya chini na kuzungusha kwa kufungua. Pini inatoka polepole, meno yake yakiwa mazima. Koleo ya kubana ingeyatafuna. Nati hizo za inchi mzee alizitafuta kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, ambayo hadi mwisho aliiita kwa jina lake la zamani, Grogan, na alizitunza ndani ya mkebe wa Blue Band mbali kabisa na mkebe wa namba 13. Kuchanganya mikebe ile lilikuwa jambo pekee lililoweza kumpandisha sauti.

Bolti iliyokwama ndani ya tundu la shaba ilikuwa mtihani mwingine. Shaba hutanuka kwa joto kuliko chuma, kwa hiyo ukipasha, tundu linaiachilia bolti. Vizuri. Lakini joto hilohilo linafika kwenye gundi inayolishika tundu ndani ya mbao, na mara kwa mara kilichoachia kwanza ni kile ambacho hukukitaka: bolti na tundu vikatoka vimekumbatiana. Mzee hakuona ubaya. Alisema afadhali watoke wote wawili tuwapatanishe mezani.

Super Glue iliyomwagikia nje ya kiungo haikuhitaji moto. Ilihitaji asetoni, na asetoni ilikuwa saluni. Nilitumwa na kichupa kwa kina dada wa karibu, ambao walitaka kujua kucha zangu zina shida gani. Dawa ile inaila gundi, lakini inaila vanishi pia, hivyo unaipaka kwa kijiti cha pamba na kufuta kabla haijatambaa.

Katika fujo zile za baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, soko la Toi liliungua, na sisi tuliokuwa pembeni tuliungua nalo. Reli ya Kibera iling'olewa siku hizohizo. Jiliwa lilisalimika. Tupa zilionekana nzima chini ya majivu, lakini moto ulikuwa umeziondolea ugumu. Ukizipitisha kwenye chuma ziliteleza bila kukata. Mkebe wa Blue Band ulikutwa umekunjamana, nati ndani yake nyeusi, zote zinafaa. Tulianza upya kwa mabati ya mkopo.

Kisha ikaja sheria ya vileo ya mwaka 2010, na baa za mtaa zikawa hazifunguliwi siku za kazi hadi saa kumi na moja jioni. Wachezaji walilalamika. Kwetu ilikuwa baraka: mtu aliyezoea kushinda mezani toka asubuhi sasa alikuwa na mchana mzima wa kuitazama fimbo yake na kuiona kasoro.

Kazi ninayoikumbuka kuliko zote ilitoka Kawangware miaka hiyo. Mwenyewe alifanya kazi kwenye vichinjio vya Dagoretti alfajiri, na usiku alicheza kwa dau upande wa mtaa unaoitwa Congo. Alikuja ameikumbatia fimbo ndani ya koti. Pini ilikuwa imekatika usawa wa mbao, kwa hiyo nati hazikuwa na pa kushika. Mtu fulani alikuwa amejaribu kuitoboa katikati. Lakini drili huchagua kilicho laini: ncha ilikuwa imeteleza kutoka kwenye chuma ikaingia kwenye mbao pembeni, na yule msaidizi, alipoona shimo ambalo hakulikusudia, alilijaza Super Glue na jivu.

"Boss, hii itapona?" akaniuliza mimi, kwa kuwa mzee alikuwa amenyamaza.

"Muulize mzee."

"Mzee, itapona?"

"Wewe kula ng'ombe wako pole pole," mzee akasema, "urudi wiki ijayo."

Alichofanya bado nakiona kuwa werevu mtupu. Mlingoti wa fimbo ya gofu ni bomba la chuma linalopungua unene kwa ngazi kutoka juu kwenda chini. Lazima basi pawe na mahali ambapo tundu lake linazidi milimita 8 kwa kiasi kidogo tu. Tulilikata kuanzia upande mwembamba, kipande baada ya kipande, tukilipima kwa bolti ya namba 13 hadi ikapita bila kugusa. Hiyo ndiyo kazi pekee ya halali niliyowahi kuiona bolti hiyo ikifanya kibandani kwetu. Ukingo wa bomba tuliuchonga meno kwa tupa ya pembe tatu, tukalifunga kwenye drili ya mkono, na badala ya kuitoboa pini tukatoboa kuizunguka. Meno yalikula gundi na mbao kidogo, pini ikabaki katikati ya bomba haijaguswa. Kila baada ya mizunguko michache tulitoa, tukapuliza unga, tukapoza, tukarudia, hadi tukafika chini na pini ikanyofoka na ganda lake.

Ganda hilo mzee alilipasua kwa patasi akalisoma: epoksi ya kiwandani chini, juu yake Super Glue, juu yake kijiti cha kiberiti, juu yake Super Glue yenye jivu. Watu wasiopungua watatu walikuwa wamepita humo.

Shimo lililobaki tuliliziba kwa kigingi cha mutamaiyu, ule mzeituni wa mwituni mzito, tukaiacha gundi ikauke usiku kucha. Kutoboa upya katikati hakukuwezekana kwa macho. Tuliibeba hadi Ngong Road kwa fundi anayekereza miguu ya viti, tukamwomba mashine yake, na alicheka mpaka akasahau kutudai. Meno ndani ya mbao tuliyachonga kwa bolti ya inchi ambayo mzee aliikata mifereji mitatu kwa tupa; kwenye chuma isingefaa kitu, kwenye mutamaiyu ilikata safi. Pete ya ncha pia ilikuwa imepasuka. Mzee alisema pete za zamani zilikuwa za pembe za ndovu, na kwa kuwa Moi alizichoma tani 12 mwaka 1989, tungejaribu ng'ombe. Mteja mwenyewe akaleta mfupa kutoka kazini, na mafundi wa Kibera wanaochonga shanga na bangili za mifupa wakatukatia kipande. Pete ya mfupa ni nzuri kwa macho, lakini ina ufa ndani ya moyo. Ukiangusha fimbo kwa ncha unaijua.

Siku ya kuichukua tuliilaza fimbo juu ya meza ya pool na kuisukuma iviringike. Fimbo iliyopinda inapepesuka, na mwanga unaonekana ukipita chini ya kiungo, unaziba, unapita. Hii ilikwenda kimya hadi ukingoni. Akaishika, akapiga mpira mmoja, akakunja uso. Uzito umehama, akasema, umekuja mbele. Alisema kweli: mutamaiyu ni mzito kuliko mbao iliyotoka. Mzee akamwambia aende nayo mwezi mmoja kwanza. Alilipa nusu kwa pesa na nusu kwa matumbo, na baada ya muda wakaanza kuja vijana wa Kawangware wenye fimbo zisizo na ubovu wowote wakitaka tuwatilie "ile mbao nzito".

Mwaka 2018 matingatinga yalipobomoa majengo kupisha barabara inayounganisha Ngong Road na Lang'ata, baa kadhaa zilizotuletea kazi zilikwenda. Mzee alikuwa amechoka. Alirudi ushago akaniachia jiliwa na mikebe yote miwili. Halafu Machi 2020 baa zikafungwa kwa sababu ya korona, na fimbo zikabaki zimeegemea kuta za mabati mvua ya masika yote ikipenyeza unyevu. Baa ziliporuhusiwa kufunguliwa mwishoni mwa Septemba, niliona fimbo zilizopinda kwa wingi ambao sikuwahi kuuona. Pini hutengenezeka karibu yote. Mbao iliyopinda hivyo, hapana, na anayekuambia ataikalisha juani kwa mawe anakula pesa zako.

Wenye baa hawakutaka hata kuzichukua. Zile za vipande viwili nilizichomoa pini, kwa kuwa pini ya inchi bado ina bei kwa anayejua, na vitako nikavikata kwa urefu wa vijiti vya kusukumia chapati, nikavipiga msasa kuondoa vanishi yote. Akina mama wa chapati wa Toi walivipenda kwa uzito wake. Mmoja alirudi kutaka kingine cha binti yake, na akasisitiza kiwe "cha ile mbao ya wacheza kamari".